Tulikupigia Wewe Vigelegele

Edmonton, London
2 Februari 2025

Mwanangu Nickson,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Lydia na mjukuu wangu Daisy, na kwamba upepo wa huko pwani haujawang'olea paa. Sisi huku tupo. Goti linanikumbusha ngazi za stesheni kila asubuhi, lakini kazini nafika, na wazee wangu kwenye ile nyumba ya wazee bado wanagoma kunywa chai mpaka niikoroge mimi. Baba yako alipiga simu kutoka Marangu. Migomba imebeba vizuri mwaka huu, na ameuliza kwa nini humpigii. Nilimwambia una kazi nyingi. Nilikutetea, ulikumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Najua wenzako wanacheka kwamba shangazi na mtoto wa kaka yake wanaandikiana barua za karatasi na wote wana simu mfukoni. Waache wacheke. Ulipokuja kukaa kwangu ulikuwa mdogo, Kiingereza kikakumeza ndani ya muhula mmoja. Ni zile barua za kila mwezi kwa bibi yako, ulizokuwa ukiziandika huku unalia kwenye meza ya jikoni, ndizo zilizokubakizia lugha. Tena kwenye simu mimi na wewe tunakatizana, na leo sitaki unikatize.

Ijumaa nilirudi kutoka kazini nikakuta kipeperushi mlangoni, karatasi nzuri ya kung'aa. Nilikiokota nikakitupe pamoja na matangazo ya piza, nikaiona sura yangu. Mimi Haika, na kitenge changu cha Krismasi, mdomo wazi kama mtu anayeng'olewa jino. Pembeni yangu Annonciata, mwenzangu wa kanisani, kichwa nyuma, anapiga kigelegele. Juu yetu wameandika kwamba Edmonton inaupokea kwa furaha upanuzi wa mtambo wa nyuklia wa Brackmouth. Chini yetu wameandika kwamba jumuiya za Waafrika wa mtaa huu zimeshauriwa na zinaunga mkono.

Nickson, ile ilikuwa ibada ya Kiswahili ya Desemba. Kikafika kipindi cha matangazo, mchungaji akasema wageni wasimame, ukasimama. Ukataja jina lako na la baba yako. Ukasema wewe ni injinia, mtambo wenu unapanuliwa, na wewe ni mmoja wa wanaousimamia. Tukapiga vigelegele. Mtoto tuliyemfunga kamba za viatu amekuwa injinia wa nyuklia, ulitaka tufanyeje? Ungesema unasimamia kiwanda cha soksi tungepiga vilevile, tena kwa nguvu ileile. Tulikupigia wewe. Hakuna aliyeupigia mtambo.

Na wewe unajua kwamba mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi inayoupinga upanuzi huo. Treni zinazobeba mabaki ya fueli kutoka kwenu zinapita nyuma ya mtaa wetu, na kati ya reli na uwanja wa watoto wa shule kuna uzio tu. Leo inapita mojamoja, hata hatuisikii. Mkishapanua zitakuwa nyingi. Hatujasema zinaua. Tunachoomba ni hiki: kabla ruhusa haijatolewa, watu wasiolipwa na kampuni yenu waje wapime mionzi pale relini, waangalie na afya za watoto wa mtaa, halafu watuambie walichokiona. Jedidah, yule muuguzi kutoka Nyeri tunayepakana naye ukuta, ameliandika ombi hilo vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mwezi wa sita mkaguzi wa serikali atakuja kutusikiliza. Akishaambiwa kwamba tulishauriwa na tukashangilia, atatuona watu wa kupimiwa nini?

Picha aliipiga Lydia. Niliiona simu yake juu. Simlaumu, alikuwa anamwonea fahari mume wake. Ila kutoka kwenye simu ya mke wako hadi kwenye karatasi ya kampuni hakuna njia nyingine isiyopita kwako. Nimeumia, nakwambia wazi. Nataka uwaambie waiondoe picha ile, na waseme hadharani kwamba hatukuulizwa.

Mbusu Daisy. Jino lake likitoka alitupe juu ya paa, asiliweke chini ya mto kama wenzake wa shuleni.

Shangazi yako,
Haika


Brackmouth
9 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Tulikuwa na majaribio ya mitambo mwezi mzima, narudi nyumbani Daisy amekwisha kulala. Jino lilitoka, tukalitupa juu ya paa kama ulivyoagiza, upepo ukalirudisha. Tukatupa tena, likarudi. Amesema, kwa Kiingereza chake, kwamba paa limelikataa. Kiswahili anakielewa chote, shida ni kukizungumza. Lydia anakusalimu. Anajifunza kupika mchuzi wa nazi na mimi ndiye ninayeonjeshwa.

Nimempigia baba. Ahsante kwa kunitetea.

Kuhusu kipeperushi: kazi hizo zinafanywa na ofisi ya mawasiliano, mimi ni injinia, siandiki vipeperushi. Hata hivyo nimewafikishia kwamba baadhi ya wakazi hawakufurahi. Wamesema wataliangalia katika toleo lijalo.

Naomba nikueleze jambo moja kwa utulivu, kwa sababu naona wengi hapo mtaani wanaogopa kitu wasichokijua. Fueli iliyotumika haisafiri ndani ya behewa kama makaa. Inafungwa ndani ya kasha la chuma lenye kuta nene kuliko ukuta wa nyumba yako. Makasha hayo yameangushwa, yamechomwa moto, yamegongwa na treni kwa makusudi, na hayakufunguka. Ukisimama pale kwenye uzio treni ikipita, utapata mionzi kidogo kuliko unayoipata ukiwa ndani ya ndege kwenda Kilimanjaro kumsalimu baba. Kama watoto wa Edmonton wanakohoa, tazameni ile barabara kuu ya malori kabla ya kutazama reli. Mtambo wetu hautoi moshi. Ni wewe uliyenifundisha nisiogope kitu kabla sijakisoma.

Nina habari nyingine, na nilitaka uwe wa kwanza kuisikia baada ya Lydia. Wananifikiria niwe mkuu wa kitengo kizima cha usalama wa upanuzi. Fikiria, Shangazi, mtu wa Marangu. Uamuzi utatoka mwezi wa sita. Kwa hiyo naomba hili la karatasi tusilikuze, hasa wakati huu.

Usiache kupaka dawa ya goti.

Mwanao,
Nickson


Edmonton, London
16 Machi 2025

Mwanangu Nickson,

Marahaba. Nimecheka jino la Daisy mpaka abiria mwenzangu akahama kiti. Mwambie paa la kwangu halina ubaguzi, alilete huku. Lydia aipike nazi kwa moto mdogo na asiifunike, la sivyo itakatika. Hapa kumeanza kuchangamka kidogo, na Annonciata ameshapanda mchicha kwenye ndoo kibarazani kama kawaida yake, na baridi itauua kama kawaida yake.

Nimekusikia kuhusu ukuu wa kitengo. Ningekuwa karibu ningekukumbatia mpaka ulalamike. Kila siku nawaambia watu kazini kwamba mtoto wangu ni injinia wa nyuklia, na wazee wale, wanaosahau hata majina ya watoto wao, hilo wanalikumbuka.

Sasa. Umenijibu vizuri sana swali ambalo sikukuuliza. Sikuuliza kama chuma ni kinene. Kuhusu chuma nakuamini, hukusoma miaka yote ile ili uje kunidanganya. Nilisema hatukuulizwa, na karatasi inasema tuliulizwa, na uongo huo una sura yangu. Ukurasa mzima umeandika, Nickson, na neno picha halimo hata mara moja. Ulipokuwa mtoto ulikuwa ukivunja sahani unakuja kunisimulia habari za shule.

Halafu hili la kwamba watu wanaogopa wasichokijua. Ni kweli hatukijui. Ndiyo maana tunaomba tupimiwe. Jedidah amefanya kazi wodi ya watoto tangu alipokuja nchi hii, na hajawahi kuniambia kwamba treni inaumiza mtoto. Anachosema ni kwamba hakuna aliyekwenda kuangalia. Daktari akiniambia tumbo langu ni zima bila kulishika, hata kama ni daktari mzuri, hata kama ni mwanangu, nitamwambia alishike kwanza. Kama mambo ni salama kama unavyosema, kipimo kitakusifia wewe. Mbona basi mnakikwepa?

Na hilo toleo lijalo waliloahidi, wataweka picha ya nani? Waniambie mapema nikasuke.

Mimi nimepumzika kidogo na mikutano ya kamati, kwa ajili ya goti. Tom anaishikilia, yule mzee wa nyumba ya kona aliyekufundisha baiskeli. Mkaguzi atatusikiliza tarehe 12 Juni, ukumbi wa juu ya maktaba. Kampuni lazima itume mtu wa kuzungumza. Uje wewe. Simama kama ulivyosimama kanisani ukataja jina la baba yako, mbele ya watu walewale, useme lililotokea. Sikuombi zaidi ya hapo.

Shangazi yako,
Haika


Brackmouth
27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumaini Pasaka ilikuwa njema.

Siku ya Pasaka Lydia alipiga simu ya nyumbani kwako akusalimie, akapokea Jedidah. Alikuwa ameingia na ufunguo uliomwachia, amekuletea chapati, na wewe hujarudi kutoka kazini. Lydia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akamuuliza goti la Shangazi linaendeleaje na kama limekuruhusu kurudi kwenye kamati. Jedidah akamwambia, "Goti gani? Walimtoa." Kisha akamweleza yote. Kwamba baada ya kipeperushi kamati ilikuomba ukae pembeni. Kwamba wapo wanaosema kampuni ilikununua kupitia kwangu. Kwamba pale kituo cha basi mama mmoja alikuuliza mbele ya foleni, Brackmouth imekujengea nyumba ya aina gani huko kwenu.

Hukuniambia. Barua nzima ya Machi hukuniambia.

Picha niliitoa mimi. Mtu wa mawasiliano alipita ofisini akauliza kama kuna mwenye picha ya wakazi wa London wakiwa na furaha, nami nilikuwa nayo, na ilikuwa nzuri, na nilikuwa naionea fahari. Maneno sikuyaandika. Lakini waliniletea niyaone kabla hayajachapishwa. Nikayaona. Nikaona pia kwamba jina langu liko katika orodha ya wanaofikiriwa kwa ile nafasi, nikasema hakuna tatizo.

Nimekuwekea isale ndani ya bahasha. Nimemweleza Lydia kwamba kwetu mlimani mtu akimkosea mwenzake huenda na jani hili, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa, hata kama kosa ni la damu. Ndivyo ulivyonisimulia. Basi naomba unisamehe, na naomba liishie hapa, kati yangu na wewe. Nikisimama hadharani mwezi wa sita, nafasi ile naikosa, na haitarudi kwa mtu kama mimi. Nitaifidia Edmonton nikiwa juu. Nitahimiza vipimo nikiwa na madaraka ya kuvihimiza.

Tafadhali usikae kimya.

Nickson


Edmonton, London
4 Mei 2025

Nickson mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, wa hapa wazima, mchicha wa Annonciata umekufa. Baba yako amepata miwani mipya na sasa anasoma gazeti kwa sauti hadi majirani wanahama barazani kwao.

Isale limefika. Nimelitoa kwenye bahasha, nikalitazama, nikavaa miwani nikalitazama tena. Masale ya kwetu ni ya kijani kitupu. Hili lina mstari wa njano katikati, kama barabara, na vumbi la kapeti. Umelikata kwenye chungu cha ofisini kwenu, karibu na mashine ya kahawa, na huenda hukuomba ruhusa. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikalia, kwa sababu nilikuona umeinama pale na mkasi, na suti yako, unatafuta njia ya kurudi nyumbani. Usidhani nalidharau. Isale ni isale hata likiotea kwenye kapeti.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe hata kabla hujaleta jani, mimi nina udhaifu huo kwako na unaujua.

Lakini nilikusimulia nusu, au wewe ulikumbuka nusu. Nilikwambia habari ya babu yako na mzee Protas, jirani wa juu, aliyeugeuza mfereji usiku maji yakaenda shambani kwake. Migomba ya chini yote ikaanza kunyauka. Alipokuja na isale hakumnong'oneza babu yako nyuma ya zizi. Alisimama uani, jani mkononi, akalitaja kosa mbele ya kila nyumba iliyokosa maji. Baada ya hapo ndipo lilipopokelewa, na ndipo aliposhindwa mtu kukataa. Angekuja kwa babu yako peke yake, babu yako angekunywa maji na wa chini wangeendelea kukauka.

Waliokoseshwa maji safari hii si mimi. Ni Annonciata, amewekwa kwenye karatasi kama anashangilia kitu ambacho hata jina lake hawezi kulitamka. Ni watoto wanaocheza pale kwenye uzio. Kwa hiyo nakurudishia jani lako, limo humu. Sijalikataa. Isale halisafiri kwa stempu, linabebwa na mwenye kosa. Lilete mwenyewe tarehe 12.

Sikukwambia habari za kamati kwa sababu nilitaka ulifanye kwa kuwa ni kweli, si kwa kunihurumia mimi. Jedidah ameniharibia. Nimemnunia, ingawa chapati zake nimezila.

Kuhusu nafasi yako, naona uzito wake. Mimi nimefanya kazi nchi hii miaka mingi na najua mlango unavyofunguka mara moja kwa mtu kama wewe. Sikwambii useme mtambo ni mbaya kama huamini hivyo. Lakini hilo la kusema kweli ukishafika juu, Nickson, mtu aliyenyamaza ili apande atanyamaza tena ili asishuke. Mimi nakulea bado, ndiyo maana nakwambia.

Uje, usije, mimi nitakuwepo, safu ya tatu, na nitasema langu. Chakula kitakuwa tayari nyumbani kwa vyovyote vile.

Shangazi yako,
Haika


Brackmouth
15 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Ulikuwepo, uliona yote. Lakini niliondoka bila kukuaga na chakula chako kikalala, kwa hiyo unanidai radhi na maelezo.

Mwezi mzima sikukuandikia kwa sababu sikujua nitaandika nini. Wiki moja kabla ya kikao nilimwendea bosi wangu nikamwambia kwamba maneno ya kipeperushi si ya kweli, na kwamba nitayasahihisha nikitumwa na kampuni au nisipotumwa. Akasema afadhali yasemwe na mtu wetu kuliko na gazeti. Nafasi ile amepewa mwenzangu. Ni mtu mzuri, Ian, anajua kazi. Mimi nimebaki nilipokuwa, na sijui kama nitatoka tena hapo. Lydia amesema tumekula mpaka leo na tutakula.

Uliyasikia niliyosema. Nilisema picha ile ni ya ibada, na wale akina mama walikuwa wananipongeza mimi, mtoto wao. Nilisema hakuna mtu aliyewauliza neno kuhusu mtambo, na wa kwanza kutowauliza ni mimi niliyekuwa nimesimama mbele yao. Nikasema bado ninaamini makasha yetu ni salama, na kwa kuwa ninaamini, naunga mkono yapimwe na watu tusiowalipa sisi, na watoto waangaliwe, kabla ya ruhusa.

Kisha nilitoa isale mfukoni, likiwa limekunjika, nikashuka nikaliweka mezani mbele ya Annonciata na wenzake. Sikulileta kwako. Nilitumaini ungeelewa kwa nini.

Hakuna aliyetoa sauti. Akina mama walewale, waliovalia vitenge vilevile, walinitazama na midomo imefungwa. Sijawahi kuwaona watu wa kanisa lile wakinyamaza namna ile. Nikakutafuta safu ya tatu, ukawa unatazama ndani ya mkoba wako. Nikajua nimechelewa, kwamba jani limefika likakuta mlango umefungwa. Nikaaga meza kuu, nikateremka ngazi, nikakimbilia treni.

Sijutii nilichosema. Nimeumia tu, na nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu mapema, tofauti na nilivyozoea kukufanyia.

Nickson


Edmonton, London
22 Juni 2025

Mwanangu Nickson,

Marahaba mara nyingi. Hapa wote wazima, na joto limetukuta madirisha hayafunguki. Baba yako nimemsimulia, akaniomba nirudie, halafu akasema ataongeza mche wa mgomba kwa jina lako. Wali wako na maharage aliula Tom. Alikula sahani mbili akauliza kama injinia anakosa chakula mara kwa mara.

Kwanza habari za kikao. Mkaguzi, yule mama mwenye nywele fupi, amesema karatasi ile haitahesabiwa kuwa sauti ya mtu yeyote wa Edmonton. Na ameagiza vipimo vya reli na uchunguzi wa afya ya watoto vifanywe kwanza, na watu wa nje, ndipo arudi kutusikiliza. Hajakataa upanuzi. Huenda baada ya yote hayo mtapewa ruhusa, na huenda chuma chenu kitaonekana ni kizuri kama unavyosema. Nitafurahi nikiona hivyo kwa maandishi. Jedidah amesema atawapanga watoto foleni yeye mwenyewe. Yule mama wa kituo cha basi amekuja kunisalimu, ametoa mkono, nimeupokea. Tom amenirudishia kiti changu, akasema kilikuwa kinamuumiza mgongo.

Sasa wewe na huo mlango wako uliofungwa.

Asubuhi ya kikao niliwakusanya akina mama wote nyumbani kwangu. Nikawaambia, leo hakuna kigelegele. Nickson akija au asipokuja, akisema vizuri au vibaya, asifungue mtu mdomo, maana safari iliyopita tulifungua tukatiwa kwenye karatasi. Wakaapa. Ulipokuwa unazungumza Annonciata alikuwa amenishika paja, kucha zake ziko hapa mpaka leo. Ulipoweka lile jani mezani, mama mmoja alijifunika uso na mtandio akatetemeka mabega. Mimi nilitazama ndani ya mkoba kwa sababu ningekutazama wewe ningekuwa wa kwanza kuvunja kiapo nilichowaapisha wenzangu. Umekaa nasi miaka yote hiyo, hujui sura ya mwanamke anayezuia kigelegele?

Isale liko kwa Annonciata, kwenye bilauri ya maji, juu ya televisheni. Limepokelewa. Mwezi ujao ibada ni Jumapili ya pili. Njoo na Lydia na Daisy na jino lake, na ikifika kipindi cha matangazo usimame.

Ungesubiri kidogo tu pale ukumbini. Mlango ulipojifunga nyuma yako, Annonciata alisema, "Mnisamehe, nimeshindwa," akasimama, akaachia. Wakamfuata wote. Mimi pia. Tulipiga mpaka mlinzi wa maktaba akapanda mbio kuuliza nani ameumia. Mkaguzi akaweka kalamu chini, akatutazama, akamgeukia Tom, akamuuliza kwa upole kabisa kama aandike kwamba wakazi wanaonyesha kuunga mkono mradi.

"Hapana," Tom akamjibu. "Hivyo ni vya mtoto wao."

Shangazi yako,
Haika